Waliotia Saini: Watumishi wa Umma na Uhamisho wa Wamarekani Wenye Asili ya Kijapani

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi wa sheria na utawala, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya watumishi wa umma katika mateso ya kibaguzi na uhamisho wa lazima wakati wa vita. Mada hiyo ni pana mno kwa hotuba moja, na kuizungumzia kwa ujumla ni njia rahisi ya kutosema lolote. Kwa hiyo nitashika tukio moja na kulifuata kutoka meza hadi meza: kuondolewa kwa watu wenye asili ya Kijapani katika pwani ya magharibi ya Marekani kuanzia mwaka 1942. Nimelichagua kwa sababu karatasi zake zipo, zimesomwa mahakamani na mbele ya tume. Pia lilitendwa na serikali yenye katiba, bunge, mahakama huru na magazeti, ambayo wakati huohuo ilikuwa ikipigana na utawala wa Hitler.

Japani ilishambulia bandari ya kijeshi ya Pearl Harbor, kule Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941. Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri ya Rais namba 9066 tarehe 19 Februari 1942. Kati ya tarehe hizo mbili zilipita wiki kumi na siku chache, na ndani ya wiki hizo hatima ya watu wapatao 120,000 iliamuliwa ofisini. Takribani theluthi mbili yao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Wazazi wao walikuwa wageni kisheria kwa sababu sheria ya uraia, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1790, haikuwapa nafasi ya kuomba uraia hata wakikaa nchini miaka arobaini. Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 1922 katika kesi ya Takao Ozawa. Naomba mlizingatie hilo tangu mwanzo. Mwaka 1942 maofisa walipowaita wazee hao raia wa nchi adui, walikuwa wanawalaumu kwa hali ambayo serikali yenyewe ndiyo iliyowazuia kuibadilisha.

Inasemwa mara nyingi kwamba serikali ilitenda hivyo kwa hofu, kwa kuwa haikujua nani ni mwaminifu na nani si mwaminifu. Hofu ilikuwepo mitaani na magazetini, sikatai. Lakini ndani ya serikali maarifa hayakukosekana. Curtis Munson, aliyetumwa kuchunguza suala hili hata kabla ya Pearl Harbor, aliripoti kwamba idadi kubwa ya watu hao walikuwa waaminifu kwa Marekani. Kenneth Ringle, ofisa wa ujasusi wa jeshi la majini aliyewafahamu watu hao kwa karibu kule Los Angeles, aliandika mapema mwaka 1942 kwamba suala lishughulikiwe kwa kumwangalia mtu mmoja mmoja, bila kujali rangi yake. J. Edgar Hoover, mkuu wa shirika la upelelezi la FBI, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa upole, hakuona haja ya kuwaondoa watu wote kwa mkupuo. Taarifa zilikuwa mezani, ila hazikuwa taarifa ambazo watu fulani walizihitaji.

Aliyehitaji kitu kingine alikuwa Karl Bendetsen, mwanasheria mwenye umri wa miaka 34, meja katika ofisi ya Jenerali Allen Gullion ndani ya Wizara ya Vita. Kikwazo chake kilikuwa cha kisheria: serikali ingewezaje kuwaondoa raia majumbani mwao bila kuwashtaki kwa kosa lolote? Jibu alilolibuni mwanzoni mwa Februari lilikuwa hili. Jeshi litangaze maeneo ya kijeshi ambamo hakuna mtu yeyote, wa asili yoyote, atakayeruhusiwa kukaa bila kibali. Kisha kibali kitolewe kwa kila mtu isipokuwa wale wasiotakiwa. Kwa mpango huo amri haikulazimika kutaja taifa wala rangi, na kweli Amri namba 9066 haitaji. Ukiisoma leo bila kujua historia yake, huwezi kutambua iliandikwa kwa ajili ya nani. Nawasihi wanafunzi wa sheria waliomo humu waitafakari kazi hiyo, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri kitaaluma, nayo ilifanikiwa kwa uzuri wake huohuo.

Wizara ya Sheria ilipinga. Mwanasheria Mkuu Francis Biddle, na wasaidizi wake James Rowe na Edward Ennis, walishikilia kwa wiki kadhaa kwamba wizara yao haitashiriki kuwaondoa raia. Hata hivyo, tarehe 11 Februari Waziri wa Vita Henry Stimson alizungumza na Rais kwa simu, naye Rais akamwachia uamuzi. Jioni ya tarehe 17 maofisa wa wizara hizo mbili walikutana nyumbani kwa Biddle. Gullion akatoa mfukoni rasimu ya amri akaisoma. Rowe na Ennis hawakuwa wamejua kwamba mkubwa wao alikwisha kukubali, nao walibishana hadi walipoambiwa kwamba mjadala umefungwa. Siku mbili baadaye saini ikawekwa.

Jenerali John DeWitt, aliyeamuru majeshi ya pwani ya magharibi kutoka San Francisco, alikuwa ameandika katika pendekezo lake la tarehe 14 Februari kwamba kutotokea kwa hujuma yoyote mpaka wakati huo ni dalili ya kutia wasiwasi, na yenye kuthibitisha, kwamba hujuma itatokea. Maneno hayo yalipita kwenye meza za watu waliosoma vyuo vikuu bora vya nchi ile. Hakuna aliyeyarudisha na kumwambia Jenerali kwamba kwa hoja ya namna hiyo hakuna binadamu awezaye kujitetea, maana akitenda ana hatia na asipotenda ana hatia.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya makarani na wataalamu. Sensa ya mwaka 1940 ilikuwa imehesabu watu 126,947 wenye asili ya Kijapani katika Marekani bara, 93,717 kati yao wakiwa California. Tarehe 9 Desemba 1941, siku ya pili baada ya shambulio, Ofisi ya Sensa ilikuwa tayari imetoa taarifa ya takwimu kuhusu watu hao peke yao. Mwishoni mwa Februari mtakwimu wake mmoja mwandamizi, Calvert Dedrick, alipelekwa San Francisco kulisaidia jeshi, na kadi za sensa zilizotobolewa kwa mashine zikatumika kuonyesha ni watu wangapi wa asili hiyo wanaoishi katika kila mtaa. Wananchi walikuwa wameyajibu maswali ya karani wa sensa kwa ahadi ya kisheria kwamba majibu yao yatatunzwa kwa siri na hayatatumika kuwadhuru. Mwezi Machi 1942 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya vita iliyoondoa ulinzi huo. Mwaka 2000 mkuu wa Ofisi ya Sensa aliomba radhi kwa msaada uliotolewa kupitia takwimu za mitaa, lakini ilichukua mpaka mwaka 2007 kwa watafiti William Seltzer na Margo Anderson kuonyesha kwa nyaraka kwamba mwaka 1943 ofisi hiyo ilitoa hata majina na anwani za watu wa eneo la mji mkuu, Washington. Miongo sita ilipita, na taasisi ilikuwa bado haijauambia umma kila ilichokifanya.

Bendetsen alipandishwa cheo akawa kanali na kukabidhiwa utekelezaji. Ramani ikagawanywa katika maeneo madogomadogo, na kwa kila eneo ikatolewa amri yake yenye namba. Jumla zilikuwa amri 108. Ya kwanza ilibandikwa tarehe 24 Machi 1942 kwenye kisiwa cha Bainbridge katika jimbo la Washington, na tarehe 30 ya mwezi huohuo watu 227 wakapelekwa kwenye feri wakiwa na kile tu walichoweza kubeba. Mkuu wa kaya alitakiwa aende kujiandikisha, apewe namba ya familia, na namba hiyo ifungwe kwa kijilebo kwenye mizigo na kwenye nguo za kila mmoja, mtoto na mzee. Tangu tarehe 21 Machi kukaidi kulikuwa ni kosa la jinai, kwa sheria iliyopita Bungeni bila upinzani wa maana.

Waliokaa kwenye meza za kuandikisha hawakuwa mapolisi wa siri. Wengi walikuwa maofisa wa ajira na wa ustawi wa jamii, watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wakiwagawia misaada wasio na kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Waliuliza kama kuna mgonjwa katika familia, kama kuna mjamzito, kama mtoto mchanga anahitaji maziwa maalumu. Kumbukumbu nyingi zinaonyesha kwamba waliuliza kwa adabu, nami siidharau adabu hiyo, kwa maana kuna waliosaidika nayo. Lakini adabu ileile ndiyo iliyoufanya uhamisho uende bila vurugu, na kila familia iliyopokewa kwa upole iliondoka kwa basi lilelile, kuelekea palepale.

Walipelekwa kwanza kwenye viwanja vya mbio za farasi vya Santa Anita na Tanforan, kwenye viwanja vya maonyesho vya Puyallup, na kwenye jengo la maonyesho ya mifugo la Portland. Familia zililala katika vibanda vya farasi vilivyopakwa chokaa haraka juu ya samadi na utando wa buibui. Baadaye wakagawanywa katika kambi kumi zilizojengwa jangwani na kwenye vinamasi, kutoka Manzanar na Tule Lake hadi Rohwer na Jerome. Hata mayatima hawakuachwa: watoto 101, wakiwemo wachanga na waliochanganya damu, walipitia kituo cha watoto cha Manzanar, na kwa kila mmoja wao kulikuwa na karatasi iliyojazwa na mtu mzima.

Kuhusu mali nitasema machache, kwa kuwa hesabu zinajieleza. Benki ya Hifadhi ya Serikali tawi la San Francisco ilipewa jukumu la kusaidia katika nyumba na biashara, na shirika la serikali la kilimo likapewa mashamba. Ushauri uliotolewa kwa kawaida ulikuwa mtu auze mwenyewe, kwa bei atakayoipata, ndani ya siku chache, kwa mnunuzi aliyejua kwamba muuzaji hana hiari. Wakulima waliambiwa waendelee kulima hadi siku ya kuondoka. Mwaka 1948 sheria ya fidia ilipokuja ilidai uthibitisho wa karatasi, na ni nani awezaye kuhifadhi risiti ndani ya kibanda cha farasi? Madai yalifika karibu dola milioni 148. Kilicholipwa ni kama dola milioni 37.

Tufike sasa kwa watu waliojua kwamba jambo hili ni ovu na wakalifanya. Kwangu mimi hapo ndipo kiini cha mada kilipo, maana wabaguzi wa wazi tunawafahamu na hawatufundishi mengi kuhusu sisi wenyewe.

Milton Eisenhower, mdogo wake Jenerali Dwight Eisenhower, alitolewa Wizara ya Kilimo mwezi Machi 1942 akawe mkuu wa kwanza wa mamlaka ya kuendesha kambi. Tarehe 1 Aprili alimwandikia waziri wake wa zamani kwamba vita vitakapokwisha, Wamarekani watajutia dhuluma ambazo huenda zilitendeka. Alidhani angewatawanya watu hao mashambani wakafanye kazi kwa uhuru, lakini magavana wa majimbo ya bara walipokutana Salt Lake City wakamkatalia kwa ukali, isipokuwa Ralph Carr wa Colorado. Akasalimu amri, akajenga kambi, na mwezi Juni akahamia kazi nyingine. Mrithi wake Dillon Myer alipomuuliza ushauri, alimwambia aichukue kazi kama ataweza kulala usiku, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza. Sina shaka kwamba alisema kweli, ila kambi alizozianzisha ziliendelea kujaa.

Myer naye alitaka kuwatoa watu kambini, na mapema mwaka 1943 kila mtu mwenye miaka 17 na zaidi akapewa fomu ya kupima uaminifu. Swali la 28 lilimtaka mtu aapishwe kuwa mwaminifu kwa Marekani na aukane utii wowote kwa Mfalme wa Japani. Wazee ambao Marekani iliwanyima uraia walitakiwa kuukana uraia pekee waliokuwa nao, na vijana wakatakiwa kukana utii ambao hawakuwahi kuwa nao. Swali kwa wazee lilirekebishwa baadaye, lakini hasira na woga vilikuwa vimekwisha kuzigawa familia, na maelfu ya waliojibu hapana, au waliokataa kujibu, au waliofuatana na wazazi wao, wakahamishiwa Tule Lake kama watu wasioaminika. Fomu iliyokusudiwa kufungua lango iliongeza lango jingine.

Je, ofisa angeweza kufanya vinginevyo? Kule Hawaii, mahali palipopigwa mabomu kwenyewe, waliishi zaidi ya watu 150,000 wa asili ya Kijapani, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote. Washington ilimshinikiza Jenerali Delos Emmons awaondoe kwa wingi. Emmons alijibu kwa lugha ambayo wakubwa wake waliielewa: meli hazitoshi, vifaa vya ujenzi havipo, mafundi seremala wengi ni hao hao, bandari haitajengwa bila wao. Alichelewesha, akapunguza idadi, akauliza ufafanuzi, akachelewesha tena. Mwisho wake waliofungwa hawakufika 2,000. Hawaii ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi na hao waliofungwa waliumia kama wengine, kwa hiyo simpambi Emmons kuwa mtakatifu. Nasema tu kwamba urasimu uleule ulioharakisha California ulitumika kukwamisha Hawaii, na kilichotofautiana ni nia ya aliyekuwa na kalamu.

Sasa turudi kwa Ennis. Kesi ya Gordon Hirabayashi, aliyeshtakiwa kwa kukaidi amri za jeshi, ilipofika Mahakama ya Juu, Ennis alimwandikia Charles Fahy, wakili mkuu wa serikali mahakamani, tarehe 30 Aprili 1943. Alimweleza kuhusu ripoti ya Ringle na kumwonya kwamba kutoitaja mbele ya mahakama kungekaribia kuwa ni kuficha ushahidi. Haikutajwa. Mwaka 1944, katika kesi ya Fred Korematsu, aliyeshtakiwa kwa kukataa kuondoka, Ennis na mwenzake John Burling waligundua kwamba ripoti ya DeWitt ilidai kuwepo kwa mawasiliano ya siri ya redio na ishara za taa kwenda kwenye meli, ilhali FBI na tume ya mawasiliano walikwisha kuyakanusha. Burling akaweka tanbihi katika maelezo ya serikali kuiambia mahakama ukweli huo. Maelezo yakiwa tayari kwenye mtambo wa kuchapa, Naibu Waziri wa Vita John McCloy aliingilia kati na uchapaji ukasimamishwa. Baada ya majadiliano ya siku kadhaa tanbihi ikafinyangwa hadi hakuna hakimu ambaye angeielewa. Ennis na Burling walifikiria kutotia saini, kisha wakatia. Tarehe 18 Desemba 1944 Korematsu alishindwa kwa kura sita dhidi ya tatu.

Nimewafikiria watu hao wawili sana. Waliona mapema, waliandika kwa ujasiri, na memo zao zinastahili kufundishwa. Lakini memo hizo zilisomwa na wale tu waliokuwa na sababu ya kuzifunga, na saini yao ndiyo iliyofika mahakamani. Pingamizi lililobaki ndani ya jalada lilimlinda aliyeliandika. Korematsu hakunufaika nalo kwa miaka karibu arobaini.

Nalo jalada lenyewe lilikaribia kutoweka. Toleo la kwanza la ripoti ya DeWitt lilikiri kwamba tatizo halikuwa ufinyu wa muda, bali kwamba kwa maoni yake watu hao hawangeweza kutenganishwa wema na wabaya hata muda ungekuwepo. Kauli hiyo ingeiumbua serikali mahakamani. Wizara ya Vita ikaiandika upya, nakala zikakusanywa, na mwezi Juni 1943 ofisa mmoja akathibitisha kwa saini kwamba ameshuhudia zikichomwa moto. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila nakala moja ilisalimika, na mwaka 1982 iliangukia mikononi mwa Aiko Herzig-Yoshinaga katika Nyaraka za Taifa. Mama huyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari alipopelekwa Manzanar. Miaka arobaini baadaye alikuwa mtafiti wa tume ya serikali iliyochunguza suala hili. Ushahidi huo, pamoja na memo za Ennis na Burling alizozipata mwanazuoni Peter Irons, ndio uliomwezesha Jaji Marilyn Hall Patel kuifuta hukumu ya Korematsu mwezi Novemba 1983. Tume yenyewe ilieleza kwamba sababu za uhamisho zilikuwa ubaguzi wa rangi, jazba ya vita na kushindwa kwa uongozi wa kisiasa, na kwamba hakukuwa na tendo hata moja lililothibitika la ujasusi au hujuma lililofanywa na watu hao katika pwani ile. Mwaka 1988 Bunge liliomba radhi na kutoa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai.

Hakuna ofisa aliyefikishwa mahakamani. McCloy aliongoza Benki ya Dunia, Bendetsen akawa naibu katika wizara ya jeshi la nchi kavu, na Myer mwaka 1950 akakabidhiwa idara ya masuala ya Wahindi Wekundu, ambako aliendesha mpango wa kuwahamishia mijini watu wa jamii nyingine.

Katika simulizi hii yumo mtumishi mmoja wa umma ambaye sijamtaja, naye alikuwa wa ngazi ya chini kuliko wote. Mitsuye Endo alikuwa karani mpiga chapa katika idara ya magari ya jimbo la California, mjini Sacramento. Jimbo lilimsimamisha kazi kwa sababu ya asili yake, kisha jeshi likampeleka Tule Lake na baadaye Topaz. Mwaka 1942 wakili James Purcell alifungua kwa jina lake ombi la kutaka serikali ieleze kwa nini inamshikilia. Mamlaka ya kambi, ikiogopa hukumu, ilimwahidi kumwachia mara moja iwapo angekubali kutorudi pwani. Akienda zake, kesi ingekosa mwenyewe. Endo alikataa, akabaki nyuma ya senyenge karibu miaka miwili zaidi. Siku ileile Korematsu aliposhindwa, majaji wote tisa waliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumshikilia raia ambaye yenyewe inakubali kuwa ni mwaminifu. Siku moja kabla, jeshi, likijua kinachokuja, lilikuwa limetangaza kwamba watu wataruhusiwa kurudi kuanzia Januari 1945. Mwaka 1982 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwalipa dola 5,000 kila mmoja wafanyakazi lililowafukuza pamoja naye.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.